Mkono Mmoja wa Merikani

Nyoosha mkono wako. Pima kuanzia kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Hapo umepata mkono mmoja, na kwa kitambaa kilichopimwa hivyo watu wa Unyanyembe, nchi iliyoizunguka Tabora ya leo, waliuziana mtama, kuku na asali zaidi ya miaka 150 iliyopita. Mikono minne ilikuwa shuka. Mikono minane ilikuwa doti. Jora zima la merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, lilisafiri kutoka Bagamoyo begani mwa mpagazi, zaidi ya kilomita 800, miezi mitatu hivi njiani, mpaka Kaze, mahali ambapo leo tunapaita Tabora.

Vijana wangu, mkisikia watu wazima wanazungumza kuhusu uchumi kuyumba, mtasikia habari za dola, benki na bei ya mafuta ya petroli duniani. Ni habari za kweli. Lakini mimi nataka tumtazame mtu mwingine: yule anayeuza karanga kwa kopo na mafuta ya kula kwa kipimo, pale chini ya mwembe. Mtu huyu hana benki nyuma yake. Kwa nini mara nyingi anaendelea kuuza wakati duka kubwa limeshafunga milango? Tabora inaweza kutujibu, kwa sababu mji huu umepigwa na misukosuko mingi, na kila mara kuna waliobaki wamesimama.

Turudi Kaze. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857, wakakuta Waarabu na Waswahili wameshajenga nyumba zao za tembe na kufanya makao. Kaze palikuwa pa kungoja. Wapagazi wengi waliotoka pwani walimaliza kazi yao hapo, wakalipwa, na mwenye msafara akalazimika kutafuta wengine wa kumpeleka Ujiji, Karagwe au Buganda. Huenda akangoja wiki kadhaa, pengine miezi. Anayengoja hula kila siku, na aliyemlisha ni mwanamke wa Kinyamwezi aliyekuja na kikapu cha nafaka, jogoo, mayai, tumbaku au kibuyu cha pombe.

Siwezi kuwasimulia njia hii nikaruka jambo moja. Iliyopita pale haikuwa pembe ya ndovu peke yake. Walipita pia watu waliotekwa, wamefungwa, wakipelekwa kuuzwa, na wengi hawakufika. Soko la chakula la Kaze lilisimama kando ya barabara hiyo hiyo. Tunapojifunza ujuzi wa wauzaji wadogo, tusiifanye barabara yenyewe ionekane safi.

Sasa fikiria yule mama mwenye kikapu cha mtama. Tajiri aliyemtembelea ana majora kumi. Mama hahitaji jora. Mtama wake haufiki hata robo ya thamani hiyo. Ili wauziane, lazima kitambaa kikatwe. Mkono mmoja, miwili, basi. Au tajiri atoe shanga, ahesabu kete kadhaa, yaani nyuzi za shanga. Na shanga zilikuwa na ukaidi wake: zilikuwapo za mamia ya aina, na kila nchi ilikuwa na rangi inayopendwa mwaka huo. Mfanyabiashara aliyefika na mzigo wa rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mawe. Kwa hiyo bidhaa ya njia hii ilikuwa na thamani pale tu ilipoweza kukatika kulingana na mkono wa anayeipokea. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani, vikaendelea mpaka 1865. Merikani, kama jina lenyewe linavyosema, ilifumwa kwenye viwanda vya huko. Pamba ikakosekana viwandani, kitambaa kikaadimika Unguja, bei ikapanda, na aliyekuwa Kaze, ambaye pengine hakujua hata vita hivyo vinapiganwa na nani, akaona doti imekuwa ghali. Vitambaa vya Uingereza na vya India vikachukua nafasi. Watu wakazoea. Aliyekuwa amejifunga na aina moja tu ya kitambaa aliumia. Aliyeuza chakula alikubali kitambaa cha kaniki, akakubali shanga, akakubali jembe la chuma. Unyamwezi majembe yalitembea kama fedha, na hayakutegemea meli.

Miaka kumi baadaye barabara yenyewe ilifungwa. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliingia vitani na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe. Msimwone kama mnyang'anyi wa porini. Barabara ya Ujiji ilipita kwenye eneo lake, na alitaka sauti katika biashara iliyotajirisha wengine. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta mmisionari Livingstone, alifika Juni mwaka huo akaingia kwenye vita hivyo upande wa Waarabu, wakashindwa. Agosti watu wa Mirambo walichoma sehemu ya Tabora yenyewe. Pembe zilizokuwa Ujiji hazikuweza kuja, vitambaa vilivyokuwa Tabora havikuweza kwenda. Stanley hatimaye alizunguka kusini, kupitia Ukonongo, ndipo akafika Ujiji.

Walionaswa hapa walikuwa wakubwa. Mali yao yote ilikuwa kwenye jambo moja, pembe, na barabara moja. Zaidi ya hapo, mali hiyo mara nyingi ilikuwa ya mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, na deni halingoji vita viishe. Lakini mgeni aliyenaswa bado anakula. Mwaka uliofuata, 1872, Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tangu Machi mpaka Agosti akingojea wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Nyumba aliyokaa imejengwa upya na ni makumbusho. Mkipata nafasi nendeni. Mtu anayekaa miezi mitano na watu wake anahitaji unga leo, na kesho tena. Hauwezi kununuliwa kwa jora. Kitambaa kinakatwa mkono kwa mkono.

Na yule mpagazi? Watu wanamwona kama kibarua tu, mwenye frasila mbili begani, karibu kilo 32. Alikuwa zaidi ya hapo. Wanyamwezi wengi walisafiri kiangazi na kurudi kabla ya mvua ili walime. Wengine walibeba na kamzigo kao wenyewe pembeni, chumvi ya Uvinza au majembe, wakauza njiani. Safari zilipokoma, alikuwa na shamba. Ghalani kwake mlikuwa na mtama na michembe: viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikakauka, chakula ambacho mpaka leo nyumba nyingi za Kinyamwezi na Kisukuma hula viazi vibichi vikiisha. Mimi naiheshimu michembe kuliko vitabu vingi vya biashara nilivyosoma. Anayeijua huchukua mazao ya mwezi wa bei mbaya akayapeleka, bila jokofu wala gari, mpaka mwezi wa bei nzuri.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914. Kazi ya upagazi wa masafa marefu ikafa, na vijiji vilivyouza chakula kando ya njia ya miguu vikaachwa gizani pale ambapo treni haikusimama. Tabora ilipona kwa sababu ilipewa stesheni. Hiyo ilikuwa bahati.

Sasa nataka tukae kwenye mwaka 1916, kwa sababu ndipo Tabora ilipoonyesha tatizo lenyewe la uchumi mgumu, na watu wachache wanaijua habari hii.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza. Wajerumani walitawala nchi hii, na fedha ilikuwa rupia; rupia moja ilikuwa heler 100. Sarafu zilitengenezwa Ujerumani na kuja kwa meli. Manowari za Uingereza zikaziba pwani, na meli hazikuja tena. Serikali ikachapisha noti zake za dharura ndani ya nchi. Na wewe ungefanya nini ukiona karatasi mpya zisizo na uhakika zinaongezeka? Ungeificha rupia yako ya fedha. Ndivyo watu walivyofanya: wakafukia, wakafunga kwenye nguo, wakaweka. Sarafu zikatoweka sokoni.

Hapo ndipo muuza chumvi alipokwama. Askari anakuja na noti ya rupia tano, anataka chumvi ya heler kadhaa. Chumvi ipo. Mnunuzi yupo. Hata fedha ipo, maana noti ameishika mkononi. Kisichokuwapo ni chenji. Na bila chenji wote wawili wanaondoka mikono mitupu, mmoja na chumvi yake na mwingine na noti yake. Ukitaka kuelewa jinsi uchumi unavyoweza kuganda huku bidhaa zipo, elewa hapo. Fedha ni kubwa mno kwa ununuzi wa kila siku, na hakuna wa kuikata.

Gavana Heinrich Schnee alikuwa amehamishia makao ya serikali Tabora, na ni hapa hapa, kwenye karakana ya reli, ndipo sarafu zilipogongwa mwaka huo wa 1916. Walitumia shaba nyekundu na shaba ya manjano, chakavu cha kila namna walichokipata, wakatengeneza heler tano na heler ishirini, zikiwa na taji, mwaka, na herufi T ya Tabora. Hazikuwa nzuri. Ukitazama zilizobaki utaona zimepinda, alama zimefifia. Lakini kwa hizo mtu aliweza tena kununua chumvi.

Karakana hiyo hiyo ilitoa pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Hiyo ndiyo iliyopata umaarufu. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanaigombania mpaka leo. Ninyi niambieni: siku ile sokoni, ipi ilimsaidia muuza chumvi? Mimi naona ile mbovu ya heler tano ilifanya kazi kubwa zaidi kuliko tembo wa dhahabu, na inastahili kusimuliwa kabla yake.

Bidhaa za ng'ambo nazo zilipokatika, ufundi wa zamani ulirudi nchini: watu wakasokota na kufuma pamba, wakatengeneza mishumaa kwa nta ya nyuki, wakachemsha sabuni. Tabora, nchi ya miombo na mizinga, haikukosa nta. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji, yaani askari Wakongo wengi chini ya maofisa wa Kibelgiji, yaliingia mjini. Baada ya vita Waingereza wakaleta shilingi, na waliokuwa wameweka akiba yao kwenye zile noti za dharura waliona thamani inayeyuka. Jembe halikuyeyuka, wala ng'ombe, wala deni la chumvi ambalo jirani alikuwa anamdai jirani.

Waulizeni sasa babu na bibi zenu kuhusu miaka ya 1976 mpaka 1985. Hapa hamhitaji kitabu. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshapanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya kumng'oa Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Na kabla ya hapo, mwaka 1976, serikali ilikuwa imefanya mambo mawili ambayo mimi naamini yaliongeza ugumu, ingawa nia ilikuwa njema: vyama vya ushirika vilivunjwa, na Operesheni Maduka ikaamuru maduka ya watu binafsi yafungwe ili maduka ya ujamaa yachukue nafasi. Amri hiyo haikudumu, kwa kuwa maduka mapya hayakuweza kufanya kazi ya yale yaliyofungwa. Duka dogo lilikuwa linajua nani anahitaji robo kilo ya sukari na nani ataleta fedha mwisho wa mwezi. Ujuzi huo hauhamishiki kwa amri.

Ikaja miaka ya foleni. Sukari, sabuni, chumvi, khanga, betri, vyote vya kupangiwa. Mtu aliweka tofali limshikie nafasi kwenye mstari, akaenda kuteka maji. Watu wakafulia kwa majani ya mpapai. Wakala unga wa mahindi ya njano wa msaada, wakauita Yanga kwa rangi yake. Wakavaa makatambuga yaliyochongwa kutoka matairi, na mafundi bati wakageuza makopo kuwa vibatari. Kila uhaba ulizaa kibanda. Mishahara ilishuka thamani kiasi kwamba walimu na wauguzi nchini kote walianza kuuza maandazi, barafu, mayai, wakaviita miradi. Mradi ulitakiwa umsaidie mtu pale mshahara ulipoishia, na nyumba nyingi zikajikuta zinaishi kwa maandazi huku mshahara ukiwa wa nyongeza.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Wapo waliokuwa wameficha bidhaa kwa kweli, maghala yamejaa huku watoto hawana sabuni, na hasira ya wananchi ilikuwa ya haki. Lakini msako ule uliwakumba pia wadogo, wenye beseni na kibanda. Mwaka uliofuata mwelekeo ulibadilika: bajeti ya 1984, ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Rafu zikaanza kujaa. Katikati ya giza na nafuu hiyo, aliyeendelea kulisha mtaa kila asubuhi alikuwa mama wa maandazi, na unga wake alikuwa anaupata kwa vikombe.

Tumalizie na miaka ya karibuni. Mwaka 2022 bei za mafuta ya kula na ya petroli zilipanda tena duniani baada ya vita vya Ukraine kuanza. Serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kwenye mafuta ya vyombo vya moto. Tumchukue mama wa kufikirika, tumwite Mama Tatu, mwenye kibanda Isevya, hapa Tabora. Tufanye hesabu pamoja. Takwimu hizi nimezipanga mimi ili muone jinsi mambo yanavyokwenda.

Ananunua dumu la mafuta la lita 20 kwa shilingi 100,000. Kipimo chake ni mililita 80, anauza shilingi 500. Anapata vipimo 250, yaani shilingi 125,000. Faida ni 25,000. Kisha dumu linapanda kuwa 140,000. Akibaki na kipimo kile kile kwa bei ile ile, anapata hasara ya 15,000 kwa kila dumu. Akipandisha bei kuwa 700, mtoto aliyetumwa na sarafu ya 500 anarudi nyumbani bila mafuta. Kwa hiyo anatafuta kikopo kidogo zaidi, mililita 60, anauza kwa 500. Vipimo 333, shilingi 166,500. Faida 26,500. Amerudi pale alipokuwa, na sufuria ya jirani imepata mafuta.

Lakini angalieni vizuri. Mwenye fedha ya dumu zima analipa shilingi 7,000 kwa lita. Anayenunua kwa kipimo analipa zaidi ya 8,300. Masikini ananunua ghali kuliko tajiri, na hilo linaniuma kila ninapolifikiria. Mama Tatu si mwizi. Ndani ya ile tofauti kuna nauli yake, jua lake, mafuta yanayobaki kwenye kuta za kopo, na wateja ambao hawatalipa. Hata hivyo mzigo wa bei kupanda umeishia kwa mwenye sarafu moja. Ndiyo maana kaya zinazoweza hujiunga watatu, wanne, wakanunua dumu na kugawana.

Pia kuna mstari ambao asiuvuke. Kubadilisha kikopo waziwazi, kila mtu akaona kipya ni kidogo, ni biashara. Kukibonyeza kikopo cha zamani kitako kiingie ndani ili mteja adhani kipimo ni kile kile, huko ni kupunja. Wakala wa Vipimo anaweza kumkamata, lakini kabla yake mtaa utakuwa umeshajua. Muuzaji mdogo akipoteza imani hana ubao wa matangazo wa kuirudishia.

Na imani hiyo ndiyo anayoihitaji asubuhi anapokwenda kwa muuza jumla bila fedha kamili, akapewa mzigo kwa mali kauli: chukua, uza, ulete. Yeye naye ana daftari lake la wadaiwa. Katika nyakati ngumu daftari hilo hujaa haraka, na vibanda vingi hufia hapo, si kwenye bei. Mama Tatu mjanja anaweka kikomo kwa kila nyumba, anapokea nusu ya deni kuliko kukosa lote, anakubali kulipwa karanga au kuku kutoka kwa aliyetoka shamba. Fedha ya dumu lijalo anaifunga kwenye upindo wa khanga tangu mchana, kabla hajanunua mboga ya nyumbani kwake, na mtu akija kuikopa usiku anamwambia imeshalala kwa muuza jumla.